Kuishi na watu: Historia ndefu ya nyumba za pamoja Ufipa

Katika mitaa ya Majengo, Katandala na Chanji mjini Sumbawanga, nyumba nyingi zina ramani moja. Mlango wa mbele unafunguka kwenye korido, vyumba vimepangana kushoto na kulia, na korido inaishia uani penye jiko, bafu na choo cha wote. Humo anaishi mwalimu aliyehamishwa kutoka Moshi, muuza mitumba anayefuata mzigo Tunduma, mama wa Laela aliyekuja kutafuta riziki, na vijana wawili wanaosoma sekondari. Hawana ukoo mmoja, na pengine hata lugha ya nyumbani si moja. Wanachangia paa, bomba, mita ya umeme na kufuli la mlango mkubwa.

Wengi wetu tumezoea kuyaita hayo maisha ya mjini, jambo lililoletwa na uhaba wa nyumba na barabara ya lami. Wazee wakisikia ugomvi wa wapangaji husema zamani kila mtu aliishi kwao, na watu wake. Lakini ukiifuatilia historia ya uwanda huu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, unakuta kwamba kukaa na mtu asiye ndugu yako ni moja ya mambo ya kale kabisa ya Ufipa. Watu wa hapa walilifanyia kazi jambo hilo kwa karne nyingi, wakaliwekea masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyowaletea amani.

Mgeni aliyepewa kiti

Masimulizi ya asili ya dola ya Ufipa yanaanza na ugeni. Yanasema mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alikaa Milansi, kijiji ambacho jina lake limebaki hadi leo katika kata ya Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga. Siku moja walitokea wanawake watatu kutoka mbali. Mtawala alikuwa amekwenda kuwinda na nyumbani alikuwapo mkewe. Mke akawapokea wageni na kuwapa kiti, nacho kilikuwa kiti cha mumewe, kiti cha utawala. Mtawala aliporudi alikuta mambo yamekwisha kubadilika.

Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa kati ya 1962 na 1964, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyafanya msingi wa vitabu vyake kuhusu Wafipa. Hapo alionyesha jambo ambalo msikilizaji wa haraka anaweza kulipita. Hadithi haiishii kwenye vita wala kwenye kufukuzana. Inaishia kwenye mapatano. Wageni, walioanzisha ukoo wa kifalme wa Watwa, ambao hawahusiani na Wambilikimo wa misituni, walichukua utawala wa nchi. Mtawala wa Milansi alibaki na kijiji chake na heshima ya mwenyeji wa kwanza, na wafalme wa Kitwa waliendelea kumtambua kwa heshima hiyo.

Wanahistoria wanaweza kubishana ni kiasi gani cha hadithi hii ni tukio na kiasi gani ni hekima iliyovikwa tukio. Kwa Wafipa walioisimulia, funzo lilikuwa wazi. Mwenyeji na mgeni wanaweza kukaa katika nchi moja, mradi kila mmoja ajue lililo lake na wote walikubali.

Baadaye ukoo wa Watwa uligawanyika, zikawa dola mbili: Nkansi, ambayo jina lake ndilo la wilaya ya leo yenye makao makuu Namanyere, na Lyangalile. Dola hizo zilipigana sana. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba nao waliingia Ufipa kutoka kusini, na kiongozi wao huyo akafia huku mnamo 1848. Kwa hiyo utulivu ambao Ufipa ilikuja kusifiwa kwao haukuwa wa asili tu, kama kwamba watu hawa walizaliwa wapole. Ulijengwa na watu waliokwishaionja vita.

Mtoto alilala wapi

Ndani ya kijiji, somo la kuishi na wengine lilianza mapema. Mwanahistoria wa Marekani, Kathleen Smythe, alikusanya kumbukumbu za wazee wa Nkansi na kuchapisha kitabu kuhusu familia za Kifipa mwaka 2006. Moja ya maswali aliyoyapa uzito ni hili la kawaida kabisa: mtoto alilala wapi?

Mtoto akishaachishwa ziwa na kukua kidogo, hakuendelea kulala kwa baba na mama. Alihamia kwa bibi na babu. Huko alikula, alisikiliza hadithi za usiku, alitumwa maji na kuni, akajifunza adabu kwa watu wanaoweza kumtania na kumkanya bila ukali wa wazazi. Alipokaribia ujana alihama tena. Wavulana walilala katika nyumba yao na wasichana katika yao, wenzao wa rika moja, wakati mwingine chini ya uangalizi wa mtu mzima aliyeaminika.

Kwa utaratibu huo, kijana wa Kifipa alipofika umri wa kuoa alikuwa amekwisha kuishi katika nyumba tatu tofauti. Alikuwa amejifunza kugawana mkeka, kungoja zamu, kunyamaza usiku mwenzake anapolala, na kula bila kumwacha aliyechelewa. Mambo hayo leo tunataka mpangaji ayajue siku anapokabidhiwa ufunguo, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Ufipa haikuwa peke yake katika hili. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, wavulana waliondoka nyumbani wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao pembeni, na kundi hilohilo likakua likawa kijiji cha watu wazima wa rika moja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha 1951 kwamba kwa Wanyakyusa kukaa pamoja kwa wema, kula pamoja na kuzungumza vizuri na wenzako ndiko kulikokuwa msingi wa maisha. Kusini-magharibi mwa nchi yetu kulikuwa na shule za namna hii, zisizo na ubao wala chaki.

Kijiji cha watu wasio ukoo mmoja

Jambo lililowashangaza zaidi watafiti wa Ufipa ni kijiji chenyewe. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kijiji kilikuwa ukoo: ukikijua kijiji cha mtu umeujua ukoo wake. Ufipani, Willis alikuta vijiji vilivyojaa watu wasio na undugu. Familia ilihamia, ikapokelewa, ikapewa mahali pa kujenga. Isipopendezwa ilihama. Jumbe wa kijiji alichaguliwa na wakazi, na wakazi haohao waliweza kumkataa.

Kijiji kisichofungwa na damu kinahitaji kamba nyingine. Ufipani kamba hiyo ilikuwa mdomo. Matusi hayakuchukuliwa kuwa maneno tu. Yalikuwa kosa la kijiji kizima, na mwenye mdomo mchafu aliweza kulipishwa faini. Kumpiga mtu ilikuwa aibu kubwa zaidi. Kupokea wageni, kusalimiana kwa utaratibu, kuzungumza kwa kubadilishana na kusikilizana ndiyo yalikuwa mambo ya kumpima mtu mzima.

Msafiri wa Uskoti, Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu watu wa hapa kwa kushikamana na kilimo kuliko watu wengine aliowaona njiani. Willis naye, zaidi ya miaka 100 baadaye, aliandika sura nzima kuhusu fumbo la amani ya Ufipa katika kitabu cha 1989 kinacholinganisha jamii zenye amani duniani. Aliuliza watu waliokuwa wakipigana waliachaje. Sehemu ya jibu lake ni kwamba walianza kuishi kwa makubaliano badala ya kutegemea ukoo.

Hata kazi ngumu kuliko zote ilifanywa hivyo. Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa kuyeyusha chuma. Tanuri zao za udongo zilifikia urefu wa mita tatu hivi, zikavuta hewa zenyewe bila mifuo, na mabaki yake bado yanaonekana katika maeneo mbalimbali ya uwanda. Kazi hiyo iliwaweka wanaume kambini porini, chini ya fundi mkuu. Wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao na kushika miiko. Waliamini kwamba mwiko ukivunjwa kambini, chuma hakitatoka. Ni imani, lakini ndani yake mna ukweli ambao kila aliyewahi kuishi na wenzake anaujua: nyumba yenye fitina haizalishi kitu.

Karema, mabweni na daktari mgeni

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885. Ngome hiyo, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa imejengwa na Wabelgiji waliofika 1879. Leo Karema ipo Mkoa wa Katavi, lakini ndiyo mama wa kanisa la Ufipa: Jimbo Katoliki la Sumbawanga lilitokana nayo mwaka 1969.

Wakazi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa watu waliokusanywa na msiba. Ulikuwa wakati wa biashara ya utumwa, na wamisionari walikomboa watoto na watu wazima kutoka mikononi mwa wafanyabiashara. Mtoto kutoka Umanyema alilala pembeni ya mtoto kutoka Ufipa na mwingine kutoka Ubende. Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha.

Miongoni mwa waliofika Karema ni Adrian Atiman, aliyezaliwa eneo la Mto Niger, Afrika Magharibi, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema 1889, akaoa huko, akatibu watu wa ziwani na uwandani hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake. Mgeni huyu alipokelewa na nchi, naye akaitumikia kwa zaidi ya miaka 60.

Misheni zilipopanda uwandani, mabweni yalichukua nafasi ya nyumba za vijana. Smythe anaonyesha kwamba wazazi wa Nkansi hawakuona ajabu sana mtoto kwenda kulala kwa mapadre au masista, kwa sababu tangu zamani mtoto alikwenda kulelewa kwingine. Kilichobadilika ni nani anayemlea. Seminari ya Kaengesa, nyumba za watawa na baadaye shule za bweni kama Kantalamba zilifundisha vizazi vya watu wa Rukwa kutandika kitanda, kupanga foleni ya chakula na kufagia kwa zamu.

Kambi, mji na nyumba ya korido

Ukoloni ulileta kodi, na kodi ikawatoa vijana nyumbani. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, hasa miaka ya 1930. Wengine walikwenda mkonge Tanga, wengine migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Huko waliishi kambini, watu wengi chumba kimoja, bila bibi wa kuwaongoza wala jumbe waliyemchagua wenyewe. Ilikuwa aina ya kuishi pamoja ambayo Ufipa haikuwahi kuijua: nyumba ya mwajiri, kwa sheria za mwajiri.

Nyumbani nako mji ulianza kukua. Wajerumani walikuwa wameweka makao yao Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya ziwa. Chini ya Waingereza makao ya wilaya yalihamia Sumbawanga. Wakaja makarani, askari, wenye maduka na mafundi, na pamoja nao ikaja nyumba ya pwani: ile ya korido katikati na ua nyuma, iliyokwisha kuenea katika miji ya bara kama Tabora na Ujiji.

Nyumba hii ina akili yake. Mwenye nyumba wa kipato cha kawaida anaweza kuijenga kidogokidogo, akaishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki ili amalizie paa. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam mwaka 1956, alieleza jinsi ramani hiyo ilivyowakutanisha uani watu wa makabila mbalimbali ambao wasingekutana kwingine. Sumbawanga ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na Dar es Salaam, ila nyumba yenyewe ilifanya kazi ileile.

Baada ya Uhuru mambo matatu yaliipa nguvu. Kuanzia 1964 TANU iliweka mashina ya nyumba kumikumi, na balozi akawa mtu wa kwanza kupelekewa ugomvi wa majirani. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria hiyo iliwagusa wenye maghorofa, ikamwacha mwenye nyumba ya udongo au ya tofali za kuchoma anayeishi na wapangaji wake. Kisha mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa, makao makuu Sumbawanga. Ofisi za mkoa zilileta watumishi kutoka kila kona ya nchi, na mtumishi mgeni alihitaji chumba siku aliyofika.

Vijijini, wakati huohuo, Operesheni Vijiji iliwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Wafipa wengi walikuwa tayari wamezoea kukaa kijijini na wasio ndugu zao. Walichopoteza ni uhuru wa kuchagua: kijiji ambacho zamani mtu alihamia kwa hiari na kuondoka kwa hiari, sasa kilipangwa na serikali. Kukaa pamoja bila kukubaliana ni kitu kingine kabisa.

Mageto na mita moja

Idadi ya watu wa Rukwa iliongezeka kutoka 1,004,539 katika sensa ya 2012 hadi 1,540,519 katika sensa ya 2022. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imeifanya safari iliyokuwa ya kutwa kuwa ya saa chache. Wafanyabiashara wa mahindi na maharage, wanafunzi wa vyuo, wafugaji waliouza ng'ombe na kuja kuanza maisha mapya, wote wanatafuta chumba.

Kundi linalopaswa kutuumiza moyo ni wanafunzi wa shule za kata. Shule hizo zilipojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nyingi hazikuwa na mabweni. Mtoto anayetoka kijiji cha mbali hupangiwa chumba karibu na shule, wanachokiita geto, akaishi na wenzake wawili au watatu. Wanapika wenyewe, wanajilinda wenyewe, na hawana mtu mzima wa kuwauliza wamelala saa ngapi. Babu zetu nao waliwatoa vijana nyumbani, lakini waliwaweka mahali ambapo kijiji kizima kiliwaona. Geto halina bibi wala mlezi. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi, na kila bweni linalojengwa na wazazi au serikali ni msichana fulani aliyeokolewa.

Kwa watu wazima ugomvi ni wa mambo madogo yanayorudi kila wiki. Mita ya LUKU ni moja: mwenye friji na mwenye taa moja wachange vipi? Nani kaosha choo? Nani kaacha mlango wazi usiku? Mgeni wa mpangaji amekaa mwezi wa pili, je, anachangia maji? Mwenye nyumba kapandisha kodi ghafla na anataka ya miezi sita. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1984, iliyomlinda mpangaji dhidi ya kupandishiwa na kufukuzwa, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ngao kubwa ya mpangaji imekuwa mkataba wake, na wengi hawana mkataba. Wana neno la dalali.

Tuandikiane

Ukiyaweka mambo haya pamoja unaona kwamba watu wa Ufipa hawakuwahi kuamini kwamba kuishi na wengine kutajiendesha kwenyewe. Milansi palikuwa na mapatano. Nyumba ya bibi ilikuwa na malezi, kambi ya chuma ilikuwa na miiko, na kijiji kilikuwa na faini ya matusi na jumbe aliyechaguliwa. Nyumba ya korido tumeirithi. Masharti yake hatujayarithi, tukamwachia kila mpangaji ayabuni usiku ugomvi ulipokwisha kuanza.

Mwenye nyumba, kabla hujapokea kodi, andika mkataba hata wa ukurasa mmoja: kiasi, muda, notisi ya kuhama, na namna umeme na maji vinavyochangiwa. Wapangaji, kaeni kikao siku mgeni anapoingia, mkubaliane zamu za usafi na saa ya kufunga mlango, kisha mbandike ukutani. Ukitokea mgogoro, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkishindwa yapo mabaraza ya ardhi na nyumba yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2002. Na ninyi madiwani na wazazi wa Rukwa, mtoto aliye getoni asiachwe peke yake: jengeni bweni, na mpaka likamilike, kila geto lipewe mtu mzima wa mtaa huo wa kuliangalia. Babu zetu waliweza kufanya hivyo bila karatasi wala ofisi, na sisi tuna vyote viwili.